Waliofutika

Nilipofunga lile lalamiko kwa mara ya tatu nilikuwa nacheka. Nalisema hili mapema, nisije nikajisafisha mbele ya safari.

Mimi naandika programu za kompyuta. Kampuni yetu ilitengeneza mfumo wa miadi unaotumiwa na kliniki kama thelathini hivi: mgonjwa anaandikishwa, anapangiwa siku, anatumiwa ujumbe kwenye simu. Mwaka wa kwanza niliipenda kazi hii mpaka nikawa naisimulia kwa watu wasioniuliza. Kufika mwaka wa sita ilikuwa imenitoka moyoni kabisa. Asubuhi nilikaa kwenye ngazi za nje na kikombe cha chai, nikaiacha ipoe makusudi, kwa sababu chai ikiisha ingebidi niingie ndani. Kila Jumatatu kiongozi wetu alibandika ubaoni idadi ya malalamiko ambayo kila mmoja wetu ameyafunga, yaani kuyatia alama kwamba yamekwisha. Nikajifunza ujanja: chukua mepesi, funga haraka, hesabu ipande. Niliongoza miezi minne mfululizo, na ukiniuliza hayo malalamiko yalihusu nini, sikumbuki.

Ila hilo moja nalikumbuka. Lilitoka kliniki ya macho: "Wagonjwa wanapotea kwenye orodha." Nikaingiza jina langu na namba yangu ya simu, nikatoka, nikarudi, jina lipo. Nikaandika, "Nimejaribu, haijirudii. Imefungwa." Dakika nne tu. Baada ya wiki mbili likarudi, safari hii refu. Sikulisoma hadi mwisho, nikafunga kwa maneno yale yale. Mara ya tatu lilikuja kwa herufi kubwa tupu: WAGONJWA WANAPOTEA. TAFADHALI. Nikamwita mwenzangu wa meza ya pili aje aone.

"Huyu leo kaamka na kompyuta inayopiga kelele," akasema.

Tukacheka, nikafunga.

Ilipita miezi kadhaa. Mama akaanza kulalamikia jicho, anasema ukungu haumtoki. Kliniki iliyo karibu naye ni hiyo hiyo, nikapiga simu apangiwe siku. Mama simu yake huizima ili betri isiishe, kwa hiyo nikatoa namba yangu. Siku mbili baadaye nikaona na mimi nikapimwe miwani siku moja na yeye, nikapiga tena, nikaandikishwa kwa namba hiyo hiyo.

Siku ikafika, tukaenda. Kwenye meza ya mapokezi alikuwepo muuguzi mmoja wa makamo, kalamu mbili zimechomekwa nyweleni, kibodi yake imefunikwa nailoni isiingie vumbi. Akatazama kioo cha kompyuta, kikiwa na ule ukurasa ambao rangi zake nilizichagua mimi.

"Dada, wewe upo," akaniambia. "Mama hayupo."

Kabla sijafungua mdomo alishavuta daftari kubwa la jalada gumu, akapitisha kidole. "Huyu hapa. Mama, kaa tu, wewe ni wa tano."

"Mnaandika mara mbili?" nikauliza.

"Tutafanyaje? Hii mashine inakula watu. Wawili wakiwa na simu moja, wa pili akiingia, wa kwanza anafutika. Nimewaandikia wenye mfumo wao mara tatu. Wananijibu 'Imefungwa'. Hata sijui wanachofunga ni nini."

Mama akadakia, uso umemchangamka. "Basi umepata dawa! Binti yangu huyu ndiye anatengeneza hayo makompyuta. Mwanangu, msaidie mwenzio."

Muuguzi akaniinulia macho. Alikuwa na matumaini, hilo nililiona waziwazi.

"Mimi natengeneza mambo mengine, mama," nikasema.

Maneno yalitoka mepesi, kama ya mtu aliyezoea kudanganya. Muuguzi akarudi kwenye karatasi zake, akawa anaongea huku anagonga muhuri. Alisema daftari alilianzisha kwa sababu ya fundi cherehani mmoja, mtu wa presha ya macho, aliyekuwa amepangiwa upasuaji. Binti yake naye akaandikishwa kwa simu hiyo hiyo ya nyumbani. Siku ya upasuaji baba wa watu akafika alfajiri, hajala, kabeba shuka lake. Kwenye orodha hayupo.

"Siku hiyo sikuwa zamu. Wakamwambia arudi baada ya miezi mitatu. Aliporudi, jicho la kushoto lilikuwa limeshazima. Hilo ndiyo basi tena, halirudi."

Mama akasema, "Maskini," akaniangalia na mimi niseme.

Mama alikutwa na mtoto wa jicho, kitu kinachotibika. Nilimrudisha kwake, nikadanganya kwamba kichwa kinaniuma, nikaenda moja kwa moja ofisini. Nilijaribu kile ambacho sikukijaribu mara zote tatu: niliandikisha watu wawili kwa namba moja. Wa kwanza akafutika palepale. Haikuchukua hata dakika moja.

Nikatafuta sehemu yenye kosa, nikaikuta, na jina langu pembeni yake. Miaka minne kabla niliamua mfumo umtambue mgonjwa kwa namba ya simu, basi. Nilikumbuka hata siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, nataka kwenda harusini. Mtu gani hana simu yake mwenyewe, nilijiambia, mimi niliyekulia nyumba ya watu saba na simu moja.

Kumbukumbu za mfumo zilikuwa zimeweka kila kitu. Watu mia nne na kumi na wawili walikuwa wamefutwa. Nikatafuta kliniki ya macho, upasuaji, nikamwona fundi, na jina la binti yake likiwa limekaa mahali pake. Alifutika siku kumi na moja baada ya mimi kufunga lile lalamiko la kwanza. Na zile herufi kubwa ziliandikwa siku aliporudi na jicho limezima. Siku hiyo ndiyo tuliyocheka.

Kurekebisha kulichukua saa moja na nusu. Nilipomaliza nikachapisha orodha ya waliofutwa, nikaenda kwa kiongozi wetu, mtu mpole asiyepandisha sauti, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umesharekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi andika 'maboresho madogo'. Hao wengine waliofutwa wakijua, tutafungiwa milango."

"Hao wengine ni wagonjwa, kaka. Kuna walioambiwa hawapo, wakarudi nyumbani. Wengine mpaka leo wanasubiri ujumbe wa simu."

"Na ukiwaambia kosa ni lako, unadhani nitakukinga vipi?"

"Sijaja unikinge."

Akaichukua ile orodha, akaanza kuisoma jina moja moja kama mtu anayetafuta nduguye. Sijui kama kulikuwa na nduguye humo. Aliporudisha karatasi alisema, "Kila kliniki ipelekewe majina yake leo. Barua nitasaini mimi. Wakihitaji mikono ya kupiga simu, ni mimi na wewe."

Siku iliyofuata nikarudi kwa muuguzi. Nilisubiri foleni ipungue, nikasimama mbele ya meza yake.

"Dada, yale malalamiko yako, aliyekuwa anayafunga ni mimi."

Akaweka kalamu chini. "Yote matatu?"

"Yote matatu."

"Hata lile la herufi kubwa?"

"Hata hilo."

Nilitegemea anifokee. Badala yake akasema polepole, "Makosa ya kazi nayajua, na mimi ninayo yangu. Lakini jana ulisimama hapo hapo, mama yako anakusifia, ukanitazama usoni ukanidanganya."

Hilo lilinichoma kuliko mengine yote, maana lalamiko nililifunga kwa uvivu, lakini uongo ule niliusema akili zangu zikiwa timamu.

Nilimwomba nionane na fundi. Alikataa kunipa namba yake, na alifanya vizuri. Akaniambia atamuuliza mwenyewe. Wiki iliyofuata akanipigia: fundi huja Alhamisi kuangaliwa jicho lililobaki, amekubali, ila asicheleweshwe.

Nikamkuta kwenye benchi la mwisho, mwanaume wa miaka hamsini na ushei, shati limenyooshwa likakaa sawasawa. Utepe wa kupimia ulikuwa bado shingoni, kausahau. Nikamwamkia, nikajitambulisha, nikaanza kueleza. Katikati sauti ikakatika.

"Usilie," akasema. "Ukilia itabidi nikubembeleze, na mimi sikuja hapa kubembeleza mtu."

Nikajikaza.

"Unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, baba. Nimeona ni haki yako kujua ni nani."

"Haya, nimejua. Sasa nieleze ilikuwaje. Usinifiche kwa maneno ya kitaalamu, mimi pia fundi."

Nikamweleza hivi: chukua umeandika vipimo vya wateja kwenye daftari, na badala ya jina ukaweka namba ya simu. Akija mke wa mteja na namba ileile, unafuta vipimo vya mume, unaandika vya mke.

"Yaani hukuniandika mimi," akasema. "Uliandika simu yangu."

"Ndiyo, baba."

"Na huyu muuguzi akakwambia."

"Akaniambia."

Alikigeuza kichwa kidogo ili jicho la kulia lipate kuona mlango. "Mimi nikiharibu suruali, mwenyewe ananirudia kesho yake, ananitupia mezani, ananitukana. Nalijua kosa langu kwa sura. Wewe kazi yako, mtu anakurudiaje?"

Muuguzi alikuwa amenirudia mara tatu, nami nikamfungia.

Wakaita jina lake. Akainuka, akapapasa ukuta hatua mbili za kwanza. "Sijakusamehe," akasema bila kugeuka. "Labda siku nyingine. Leo nimekuja kupimwa."

Kupiga simu kulituchukua wiki tatu. Wengi walikuwa wameshatibiwa kwingine. Wapo walioshukuru, na hao waliniumiza zaidi, kwa kuwa hawakujua wanamshukuru nani. Mwanamke mmoja alinisikiliza, akasema mume wake hahitaji tena miadi, akakata. Sikuuliza zaidi. Mpaka leo najilaumu kwa kutouliza, na najua ningeuliza pia ningejilaumu.

Kazi sikuiacha. Watu hudhani nilipata moyo mpya. Sivyo kabisa. Niliona tu aibu kuondoka na kumwachia mwingine yale niliyoyafanya. Siku hizi kila wiki nakaa nusu siku kwenye kliniki moja, nyuma ya meza ya mapokezi, natazama wanavyohangaika na nilichokiandika. Nikirudi ofisini najua namwandikia nani, na kuna siku kazi inaninogea napitisha saa ya chakula bila kujua. Halafu namkumbuka fundi, na ile raha inanishuka.

Mama nilichelewa kumwambia. Nilikwenda kwake Jumapili asubuhi, nikamkuta anaanika nguo uani, jicho limeshafanyiwa upasuaji. Nikamwambia yote, na kwamba siku ile kliniki niliyakana maneno yake mbele ya muuguzi. Aliendelea kuanika, shuka, kanga, foronya, mpaka beseni likabaki tupu.

"Yule muuguzi umeshamwomba radhi?"

"Nimemwomba."

"Na mimi je?"

Sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo. Nikapiga magoti pale pale kwenye maji yaliyomwagika, nikamwomba radhi mama yangu. Akaniambia niinuke, nitalowa.