Kamera ya Benchi la Tatu

Wazee wa kanisa walitaka kamera ikae mbele kabisa, imwonyeshe mchungaji peke yake. Nikakataa katakata. Ibada ya mtandaoni naiendesha mimi, na mama yangu, ambaye hatoki nyumbani tangu avunjike mguu, hajawahi kukaa mbele. Nikaisimamisha kwenye benchi la tatu, pale pale anapokaaga. Wakanuna, shauri yao.

Katikati ya mahubiri simu yangu ikatetemeka. Mama ameandika: “Mwambie shangazi yako avue hilo kofia, simwoni mchungaji. Kila Jumapili ni yale yale!”

Nikainama, nikamnong'oneza shangazi. Akasonya, akavua kofia, kisha akageuka na kuikazia macho kamera.

“Haya, wifi, unaona sasa?”