Taa ya Mzee Tveit

Kengele ya kura ililia korido nzima, kali na ndefu. Nikakimbilia kitini. Mzee Lorne Tveit alikuwa keshaketi pembeni yangu, mikono mapajani, macho ameyafumba.

Mimi nilikuwa mgeni katika bunge la jimbo pale Helena, mji mkuu wetu, nimetoka mji wa Butte kwa wachimba migodi, kifua mbele. Yeye alikuwa amezeekea kwenye kiti kile. Muswada ulikuwa wake: serikali ya jimbo iigharamie wodi ya wazazi ya Alder Fork, ambayo ingefungwa kiangazi. Ikifungwa, mama mwenye uchungu ataendeshwa saa nzima na zaidi juu ya barafu. Tveit alishaniambia kwamba muswada ukipita anarudi kwa ng'ombe wake, hagombei tena. Magoti yamemchoka, na hotuba zimemchosha zaidi.

Asubuhi hiyo Burl Kovacic wa chama cha pili, mpinzani mkubwa wa muswada, alipata simu: mkewe anaingizwa chumba cha upasuaji mjini Billings. Akasitasita mlangoni, kofia mkononi. Tveit akamwambia aende tu, kwamba yeye Tveit pia hatapiga kura yake. Ndivyo tunavyofanya huku. Anayeondoka kwa dharura hupewa ahadi na mpinzani wake kwamba naye hatapiga kura, ili kura zao mbili zifutane. Tulidhani kura bado zinatutosha.

Sasa taa zikawaka ubaoni mbele ya majina yetu, kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, na mmoja wetu akageuka dakika ya mwisho. Sare. Sare kwetu ni kushindwa. Taa ya Tveit ilikuwa giza.

"Mzee, bonyeza," nikamnong'oneza. "Burl angekuuza kabla chai haijapoa."

"Huenda."

"Sasa unangoja nini?"

"Yuko hospitali, kijana. Tulia."

Nikanyoosha mkono kwenye kitufe chake. Akakifunika kwa kiganja kilichokomaa kwa kamba za ng'ombe, na sikuweza kukisogeza. Nyundo ya spika ikagonga, kura zikafungwa. Kiongozi wa chama chetu alipopita akamuuliza kwa kejeli kama amchongee sanamu kabisa, awekwe kanisani na watakatifu. Mzee akainuka, akatoka, nami nyuma yake.

Koridoni alitungoja Marlys Skaar, mkunga wa Alder Fork, aliyetazama yote kutoka roshani ya wageni.

"Lorne, nimeiona taa yako."

Tveit akamweleza habari za mke wa Burl na ahadi aliyompa, taratibu, bila kujitetea. Marlys akasikiliza mpaka mwisho.

"Pole yake. Na wale wanaokuja kwangu, Lorne? Nao si wake za watu?"

Tveit akajishusha kwenye benchi, akayakanda magoti yake. Akaitazama sakafu kama mtu anayehesabu njia aliyodhani ameimaliza. Kisha akainua uso.

"Wakiifunga, usiuze vitanda, Marlys," alisema. "Nitagombea tena. Siku ya kwanza bunge likirudi, muswada utakuwa mezani, na taa yangu utaiona."