Kapu la Simu

Tusifichane, maana hata yeye mwenyewe hapendi kufichiwa: yule mama alikuwa na mdomo. Mtaani walimwita Mkasi, na si kwa ajili ya ufundi cherehani wake peke yake. Watu walipoambiwa wachague kamati ya kusimamia kituo chao cha afya, walimpa uenyekiti kabla hajafika ukumbini, kwa hesabu rahisi kwamba mwenye ulimi ule hakuna mkubwa atakayemzungusha.

Na kweli, kituo kilinyooka. Dirisha la dawa likawa linafunguliwa saa iliyoandikwa mlangoni. Choo kikapata mlango. Ni yeye aliyeamuru wajumbe waache simu zao kwenye kapu wanapoingia kikaoni, kwa kuwa alichoshwa na watu wazima wanaoitikia hoja huku wanachekea viganja vyao. Na ni yeye aliyepigania sheria kubwa zaidi: mama akifa kwa uzazi, kamati ikae, na watu wa nyumba yake waulizwe mbele ya wote. Zamani habari hizo ziliishia kwenye faili la muuguzi mkuu, basi. Sasa zilikuwa za mtaa mzima. Mwisho wa fomu palikuwa na visanduku vitatu vya kuwekwa alama: walichelewa nyumbani, walichelewa njiani, walichelewa kituoni.

Jinsi alivyowauliza watu, Mungu amsamehe. Muuza mkaa alipofiwa na mkewe alisimama mbele ya kikao na nguo zake za kazi, Mkasi akamkazia macho. Uliitwa saa ngapi? Uliitika saa ngapi? Hapo katikati ulikuwa wapi? Yule baba akasema alikuwa anamalizia kushusha magunia, akaangua kilio mbele ya watu wazima wenzake. Mkasi akamwambia karani aweke alama nyumbani. Mwaka uliofuata mtaa ukamchagua muuza mkaa naye aingie kwenye kamati. Akawa anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, na hakuwahi kumtolea Mkasi neno baya.

Sasa ilikuwa zamu ya nyumba ya Mkasi.

Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa binti mpole aliyemwita mama tangu siku ya kwanza. Mkasi alimpenda, tena kwa makelele: usiiname, usibebe ndoo, kaa kitako mwanangu, utanitia wazimu. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, na akiwa safarini hakuwa na wasiwasi, alijua mkewe yuko kwenye mikono salama. Asubuhi ile ya kikao binti alilalamika kiuno. Mkasi akamwambia mimba ya kwanza haina haraka, na asithubutu kutoka mlangoni. Akirudi atampeleka mwenyewe, wapokelewe kwa heshima zote. Binti akacheka, akasema haya mama.

Saa saba mchana kikao kilipofungwa, walikutana na mkokoteni kwenye ua wa kituo. Jirani ndiye aliyemleta binti, na damu ilikuwa imeshashuka hadi kwenye magurudumu. Mtoto alipona. Binti hakufika jioni.

Wiki mbili baadaye kamati ikakaa. Dereva aliketi kwenye benchi la wageni, kichanga chake kakifunga kifuani kwa shuka, yeye mwenyewe amekonda, ndevu hazijaguswa. Muuguzi mkuu alisoma maelezo ya jirani, kisha kwa huruma yake akapendekeza waandike njiani. Barabara ilikuwa imechimbwa kwa ajili ya mabomba, mkokoteni ukakwama, kila mtu aliona. Wajumbe wakaitikia kwa vichwa haraka haraka. Dereva naye aliinamisha kichwa. Kwa siku zote hizo alikuwa anawalaani wachimbaji wa mabomba, na mama yake alikuwa anamsikiliza tu.

Ilibaki Mkasi anyamaze tu. Angenyamaza, angebaki na mwanawe na mjukuu wake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Hamjaniuliza," alisema.

Muuguzi akamwambia si lazima, mama, msiba bado mbichi. Mkasi akajibu kwamba kila nyumba imeulizwa na yake haina dari ya dhahabu. Lakini nani amuulize? Wote wakatazama meza. Mwisho macho yake yakaenda kwenye kile kiti cha karibu na mlango. Muuza mkaa akavua kofia, akaiweka gotini. Sauti yake ilikuwa ndogo, tofauti kabisa na ile aliyoulizwa nayo yeye.

"Mama, uliitwa saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

"Uliitika saa ngapi?"

"Sikuitika."

"Hapo katikati ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti hiki. Tulikuwa tunabishania rangi ya mapazia ya chumba cha wazazi."

Hapo kila mjumbe akakumbuka, na wengine wakaziba nyuso zao. Simu ililia kapuni mara tatu siku ile. Mmoja akatania kwamba leo mwenyekiti kanaswa na sheria yake mwenyewe, wakacheka, naye akacheka, akasema hakuna kugusa kapu. Mlio ule aliujua. Alikuwa amemwekea mkwe wake peke yake, ili asije akaukosa. Alijiambia ni maumivu ya kiuno tu, binti anataka kubembelezwa, na aibu ya kuinuka mbele ya watu aliowakataza kuinuka ikamkalisha. Mapazia yakapita ya kijani, kama alivyotaka.

Dereva aliinua kichwa taratibu. "Mara tatu?"

"Tatu, mwanangu."

"Alinipigia mimi kwanza," alisema. "Nikamwambia asipoteze muda na mimi, mimi niko mbali. Nikamwambia mpigie mama, mama yuko pale pale kituoni. Nilidhani hakuwahi kupiga."

Akasimama, akamweka mtoto sawa kifuani, akachukua simu yake kapuni, akatoka. Hakubamiza mlango. Walimsikia akitembea koridoni hadi mwisho, na mtoto akaanza kulia huko nje, na Mkasi akawa anakisikiliza kilio kile mpaka kikapotea barabarani.

Karani akauliza aweke alama wapi.

"Weka nyumbani," alisema Mkasi. "Weka na kituoni. Kote nilikuwa mimi."

Muuza mkaa akaleta kapu mezani, akawarudishia watu simu zao, mmoja mmoja. Ya Mkasi aliifuta vumbi kwa kofia yake kabla ya kumwekea mbele. Mkasi akaifunika kwa kiganja. Ukurasa wa ajenda ulikuwa bado na mstari mmoja, na mwenye kufunga kikao alikuwa ni yeye, kwa hiyo akajikohoza na kuuliza kama kuna mengineyo.