Shati la Ndayisenga

Twalibu alikuwa na duka la magodoro pale Kasulu mjini, na alikuwa na pua. Pua hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka ule wa tisini na saba, dereva wake Ndayisenga aliporudi tena kutoka Kibondo na tangi karibu tupu, Twalibu hakumwita dukani wakazungumza kiutu uzima. Alimfuata stendi, mbele ya makuli na mama ntilie, akamkamata ukosi wa shati, akavuta pumzi.

"Nuseni wenyewe," akawaambia watu. "Huyu ananyonya petroli yangu kwa mpira, anaiuza njiani kwa chupa."

Watu walinusa, na shati lilinuka petroli kweli. Siku hizo za makambi ya wakimbizi na magari mengi, chupa za petroli zilipangwa kando ya barabara, na kila mtu alijua zinatoka kwenye matangi ya wenyewe. Ndayisenga, mtu mpole ambaye mama yake alivuka naye kutoka Burundi akiwa mgongoni, alisema neno moja tu: "Sijaiba, tajiri." Akauweka ufunguo juu ya boneti, akaenda kwake Kagerankanda kwa miguu. Hakuna aliyempa gari jingine. Nani ampe usukani mtu aliyenuswa hadharani?

Twalibu akashika usukani mwenyewe. Gari lilikuwa Toyota ya petroli, stesheni wagoni iliyokwisha kuzeekea Japani kabla ya kuja kuzeeka upya Kasulu. Ukipakia magodoro, mlango wa nyuma haufungi. Aliufunga kwa kamba, nusu wazi, kama alivyokuwa akifanya Ndayisenga. Na tangi likaendelea kukauka vilevile. Twalibu akajiambia pampu ya kituo inapunja. Mtu akishakosea hakosi majibu.

Siku moja mkewe, Swaumu, alikuwa akikusanya nguo za kufua. "Baba Kudra," alisema, "jana umelala na dumu la petroli?"

Swaumu alicheka. Twalibu aliichukua kanzu yake aliyoivaa safarini, akainusa ukosini, akainusa mikononi, akakaa kitandani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Alitamani ardhi ipasuke, lakini sakafu ya Swaumu ilikuwa ya saruji nzuri.

Akalipeleka gari kwa fundi Bazilio, mpenda maneno aliyezoea Landrova za dizeli. Fundi alitafuta kabureta ya gari lile, hakuiona, akaulizia kwa wenzake wa Kigoma mpaka akaambiwa kilichoharibika ni sensa, kidude cha kwenye bomba la moshi. Mpya ikaagizwa Dar. Ilipofika, Bazilio aliwasha injini kwanza bomba lipate joto, maana kutu ilikuwa imeing'ang'ania ile ya zamani, kisha akajilaza chini na spana akiunguza vidole na kulaani. Ikatoka. Ilikuwa ndogo kama plagi, nyeusi tii kwa masizi.

"Kazi yake kunusa moshi," alisema Bazilio. "Ikisikia petroli imezidi, injini inapunguza. Hii imekufa zamani. Injini inamwaga tu, na isiyoungua inatoka na moshi. Wewe mlango wa nyuma umeuacha wazi, basi moshi unarudi ndani kwa dereva." Akacheka. "Gari lako lilikosa pua, mzee."

Twalibu alisikia uso unamwaka. Bazilio akafunga sensa mpya, na Twalibu akaenda Kibondo na mzigo wa magodoro, akarudi na petroli ya kutosha tangini. Kanzu ilinuka jasho tu. Alitamani ingenuka petroli, asiwe na deni la kuomba radhi.

Alikwenda Kagerankanda na sukari na doti ya kitenge. Alikuwa ameshapanga: atamvuta Ndayisenga pembeni, aseme kwa sauti ya chini, yaishe. Aibu aliyompikia mwenzake stendi, yeye alitaka kuilia chumbani. Aliwakuta wawili, Ndayisenga na mkewe Akimana, wakipiga maharage uani.

"Karibu, tajiri."

"Ndugu yangu, nina neno. Tusogee kidogo."

"Sema hapa. Huyu si mgeni."

Twalibu akasema yote. Akafungua kitambaa, akawaonyesha ile sensa nyeusi. "Nilikuzulia," alimaliza. "Naomba unisamehe."

Akimana alikuwa ameacha kupiga maharage. "Ego, ndiyo," alisema polepole. "Lile shati nilikuwa nafua mimi."

Twalibu hakuelewa.

"Nililinusa kabla yako, kila safari. Uliposema ameiba, nikasema basi ni kweli. Na pesa hapa nyumbani sikuziona. Nikajua kuna mwanamke Kibondo." Hakumtazama mumewe. "Tangu hapo nalala kwa watoto."

Ndayisenga aligeuka taratibu. Ilionekana alikuwa amejiuliza muda mrefu, na sasa jibu lilikuwa hili. "Hukuniuliza," alisema.

"Niliona aibu."

Twalibu alidhani amemvunjia mtu kazi. Kumbe alimvunjia nyumba, na sukari aliyobeba ikawa nzito mkononi. "Kesho nitasema pale stendi," alisema kwa haraka, "mbele ya walewale. Nitapaza sauti."

"Sema, tajiri." Ndayisenga alikuwa bado anamtazama mkewe. "Lakini mimi silali stendi."

Twalibu aliacha vitu vyake juu ya kigoda, na hakuna aliyevitazama. Alirudi mjini vioo vimefungwa, na njia nzima gari halikunuka kitu.