Karani Asiyeanza Bila Salamu

Usiku wa jana niliota niko posta, nimepakata ndoo ya barafu, na ndani ya ndoo kuna mjumbe analalamika baridi.

Kabla ya kulala nilikuwa nimeandika kwenye simu: "Mama Mkude, pingili zako ni safi. Gawa." Sikuutuma ujumbe ule kwa sababu chaji iliisha tu. Mama Mkude anapanda mihogo ya mbegu, na kaya arobaini zinasubiri pingili zake kabla ya mvua. Nilipima majani yake kutafuta virusi vya michirizi ya kahawia, ugonjwa unaoozesha muhogo ardhini huku majani juu yanacheka. Kipimo hakikuonyesha kitu. Kusema kweli, hata jani tulilojua ni gonjwa halikuonyesha kitu, nikajiambia limechakaa. Nilitamani mno kumpa mama yule habari njema.

Basi, mjumbe. Ni mrefu, mwembamba kama upande mmoja wa zipu, na mkia wake una herufi moja tu mpaka mwisho: AAAAAA.

"Nimetoka ndani ya jani la Mama Mkude," anasema. "Nina neno, na sina muda. Naoza upesi."

"Sema, nakusikiliza."

"Huwezi kunisoma. Mimi ni RNA, na mashine yenu inajua DNA tu. Nipeleke kwa karani aninakili. Ila usiniguse!"

Natazama mikono yangu. Sina glavu, na kila kidole kina mdomo wenye meno madogo, safi, yaliyopangika.

"Nimwonje kidogo tu," kidole gumba kinasema.

"Shika adabu."

Natia mikono mfukoni, nabeba ndoo kwa viwiko. Huko mfukoni nasikia leso yangu inaliwa.

Kwenye dirisha la tatu karani amekalia jiko la mkaa linalowaka. Kibao kifuani kinasema KIMENG'ENYA.

"Nyuzi joto arobaini na mbili," anasema kwa fahari. "Chini ya hapo nasinzia. Lete kazi."

"Mnakili huyu, haraka!"

Ananitazama juu ya miwani. "Kunakili si tatizo. Naanzia mkiani, narudi kinyumenyume hadi kichwani. Lakini mimi siwezi kuanza na karatasi tupu. Lazima nikute herufi chache zimeshaandikwa, T kadhaa zilizong'ata zile A zake kama meno ya zipu. Nyie mnaiita praima, mimi naiita salamu. Iko wapi?"

"Si niliweka juzi?"

"Dada yangu, juzi nilikaa saa nzima na kalamu mkononi. Sikuandika hata nukta. Wewe ukaja, ukatazama karatasi tupu, ukasema: safi."

Nataka kujitetea, lakini posta haina ukuta tena. Tumesimama kwenye shamba la Mama Mkude. Watu wamepanga foleni, naye anawagawia pingili, na kila pingili inakohoa.

"Hii mbona inakohoa?" mzee mmoja anauliza.

"Vumbi hilo," anajibu Mama Mkude. "Mwanangu wa maabara kasema ni safi. Yule hawezi kunidanganya."

Napiga kelele, sauti haitoki. Ndani ya ndoo barafu imekuwa maji, na mkia wa mjumbe unafupika: AAAA. AA. A.

"Karani, nakuomba! Salamu iko wapi?"

"Kwenye friza, nyuma ya nazi ya fundi wenu, Mzee Chuwa."

"Nazi haziruhusiwi kwenye friza ya sampuli."

"Mwambie yeye."

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Nilikwenda maabara na ndala za kuogea, nikafungua friza. Rafu ya pili palikuwa na nazi nusu, imefungwa kwenye mfuko, imeandikwa kwa mwandiko wa fundi wetu: CHUWA, MSIGUSE. Nikaigusa. Nyuma yake kulikuwa na kijichupa cha praima. Utepe wake haujakatwa.

Nikampigia Mama Mkude pale pale kwa simu ya maabara.

"Mama, usigawe! Usimpe mtu hata pingili moja!"

"Watu wameshafika na mapanga yao. Kwani zinaumwa?"

"Sijui. Nilikosea kipimo, mama. Karatasi ilikuwa tupu, mimi nikaisoma ninavyotaka. Nipe siku mbili nirudie."

Nikawasikia watu wake wakinong'ona, na jogoo.

"Haya, nitawaambia warudi kesho kutwa," akasema. "Lakini na wewe, alfajiri yote hii unamvamia mtu mzima kwa makelele. Salamu iko wapi?"

Nikasimama na kijichupa mkononi, baridi yake inanichoma vidole.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa anza."

Nikavaa glavu, nikakata utepe.