Nyuzi Alizolegeza Nusaiba

Siku hizi Bi Kokila alichoka kabla hajaanza. Ngazi za ukumbi wa Braamfontein zilimmaliza pumzi, sari ilimlemea kama blanketi lililolowa, na koo lilikuwa limeanza ukaidi tangu baridi ya Juni. Uzee haupigi hodi. Daktari alimwambia apumzike, naye akamwambia daktari ashike lake.

Alizaliwa Dar es Salaam, mbali na huku kusini mwa Afrika, akafundishwa uimbaji wa kale wa Kihindi na mwalimu ambaye hata leo, akimtaja, hushika ndewe ya sikio kwa adabu. Kwake alirithi sharti moja: sauti ya msingi, ile ambayo wimbo mzima huizunguka, hakuna wa kuishusha ila mwimbaji mwenyewe. Na akishaishusha, amekiri kwamba jua lake limeanza kuchwa. Bi Kokila aling'ang'ania sauti yake ya usichana mpaka nywele zikawa nyeupe pe.

Alasiri hiyo vidole vilimuuma, akampa mwanafunzi wake Nusaiba, binti wa Tanga aliyepanga chumba mtaa wa Rosettenville, amtengenezee nyuzi za tambura. Tambura haipigi wimbo. Huvuma tu nyuma ya mwimbaji, imshikie ile sauti ya msingi asipotee, na mwanafunzi anayeipiga huudaka wimbo pale mwalimu anapovuta pumzi.

Wakaketi jukwaani. Tambura ikavuma, na Bi Kokila akajua papo hapo. Imeshushwa! Kidogo tu, watu wasingetambua, lakini yeye alishtuka kama aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hasira zikampanda. Angefanyaje, agombe mbele za watu? Akaimba.

Na aliimba vizuri, hilo ndilo lililomchoma. Kule juu alikokuwa akikwama kila siku, sauti ilifika bila kusukumwa. Mzee mmoja wa mtaa wa Lenasia alilia waziwazi. "Huyu mama hazeeki!" watu wakasema, na kila sifa ikamwingia kama mwiba.

Walipofika chumba cha nyuma Bi Kokila alifunga mlango.

"Nani kakutuma?"

"Nisamehe, Mwalimu. Mimi ndiye nakaa nyuma yako, naona shingo inavyokukaza ukipandisha sauti. Eish, niliogopa utaadhirika."

"Kwa hiyo ukaamua kunizika mwenyewe."

Nusaiba akainama, machozi yakimtoka.

Bi Kokila angeweza kumfukuza. Wengine walifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Badala yake aliivuta tambura, akakaza nyuzi mpaka zikarudi pale pa zamani. Atamwonyesha huyu mtoto! Akaimba. Sauti ikapanda, ikapanda, halafu ikakatika.

Nusaiba, kwa mazoea yake ya kukaa nyuma, aliidaka pale pale ilipokatika, akaifikisha juu, safi, bila kutetemeka. Kisha akajiziba mdomo kwa hofu.

"Usizibe," Bi Kokila alisema. "Imba tena."

Binti akaimba. Bi Kokila alifumba macho, akaisikiliza sauti ya usichana wake ikitoka kinywani mwa mwingine. Ilimuuma sana. Hata hivyo mabega yake, yaliyokakamaa miaka yote hiyo, yalishuka yenyewe, na alijua hatayainua tena.

Akaisukuma tambura kwa Nusaiba.

"Sauti hiyo ibaki kwako," akasema. "Mimi nishushie nyuzi."