Mwani Ulioombewa

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024. Mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi ukungu ulikuwa umefunika mabati ya nyumba za polisi pale Nsambya.

Aryemo alikaa kwenye kigoda, kikombe cha mwani mkononi, moyo ukimdunda kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Ute wa mwani ulikuwa umemmwagikia nguo. Rovu lilipoanza kumvimba shingoni, daktari alimpa vidonge. Lakini Nanyama, jirani yake Mkenya aliyeongoza maombi ya akina mama, alimletea mwani kutoka pwani.

"Hili si rovu tu, Mama Adero, ni pepo," alimwambia. "Na pepo hawezi kitu cha maji ya chumvi. Tumeuombea. Kunywa alfajiri, kabla hujasema na mtu. Vidonge weka kando, usimjaribu Mungu. Ukivunja kimya, atakutoka amwingie mtoto."

Basi Aryemo akanywa. Kadiri alivyokunywa ndivyo moyo ulivyozidi kwenda mbio. Akakonda, usingizi ukampotea. Akina mama walifurahi. Pepo anapigana, walisema, amekaribia kushindwa. Wakamwongezea kipimo.

Mlango ukafunguka. Okwir, mumewe, alikuwa anatoka lindo.

"Umeamkaje?"

Kimya. Kikombe kilikuwa bado nusu.

"Mama Adero, nakusalimia. Ama siku hizi nipige saluti kwanza?"

Alicheka, kisha akayaona macho yake. Akapiga magoti, akamwekea kiganja kifuani. Kicheko kikamwisha.

"Ee Mungu! Moyo huu unakimbilia wapi? Umekunywa nini?"

Aryemo alitazama pazia lililoficha kitanda cha mwanawe Adero. Akisema, mtoto ataumia. Asiposema, yeye atakufa. Mwili wenyewe ulikuwa unamwambia. Bwana, mlinde mtoto, aliomba kimoyomoyo.

"Mwani," akasema. "Vidonge niliacha."

Papo hapo mtoto akapiga kelele nyuma ya pazia. Aryemo akaanguka.

"Mama! Mkojo umenibana!"

Okwir alimpeleka mtoto nje, akarudi naye, akagonga ukuta kumwita Nanyama. Nanyama akaja mbio, majirani wawili nyuma yake.

"Banange, jamani, umesema kabla hujamaliza kikombe?" Nanyama alimuuliza Aryemo.

"Dada Nanyama," Okwir alisema, "daktari alimkataza mwani. Mwani unazidisha ugonjwa wake. Nilikuwepo, nilimsikia."

Nanyama akamgeukia Aryemo. "Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ukishaombewa si mwani tena."

Nanyama akakaa chini pale pale, mkono mdomoni.

Hofu haikumtoka Aryemo. Kila mtoto alipovuta pumzi, alimkagua. Hata hivyo alishika mwimo wa mlango, akasimama, akainua mkono.

"Majirani, mnisikie. Leo hii naenda hospitali, na nitamwambia daktari kila nilichokunywa. Nanyama, utakuja nami, uniombee njiani. Na vidonge nitavimeza, hata huyo pepo aniite kwa jina langu."